Baba ametuahidi watoto watatu parsele moja

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako. Nina miaka arobaini na tatu, naishi Kasongo na watoto wangu katika parsele ya baba, yaani kiwanja chake na nyumba. Mume aliponiacha, nilirudi kwetu kutoka Wamaza nikamkuta baba mjane, miguu imevimba, hata chooni hafiki peke yake. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumpikia sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na pilipili. Michikichi ya hapa nyumbani nimeipanda mimi, na mabati ya nyumba niliyabadilisha kwa jasho langu.

Nilifanya hayo kwa moyo mweupe kwa sababu baba aliniambia jikoni, kwa mdomo wake: "Mama, hii parsele ni yako. Hawa wanaume wataenda zao."

Pasaka iliyopita kaka zangu walikuja, mkubwa na chumvi, mdogo na blanketi la baba. Tulipomaliza kula, mdogo, anayechimba dhahabu Lusangi, akatoa kamba akaanza kupima uwanja. Nikamuuliza anapima nini.

"Mahali ya kujenga butiki. Baba alishanipatia hii parsele."

Kaka mkubwa akasimama. "Alikupatia weye? Miye ndiye mukubwa, alinipatia zamani!"

Walitaka kupigana pale pale. Na baba? Anafyonza mfupa wa kuku, utadhani tunagombania mji wa watu wengine.

Nilikwenda kwa mwanasheria. Akanieleza kwamba mzee aandike testama, yaani wosia, angali na akili timamu, aseme wazi nani anapata nini. Asipoandika, parsele itakuwa ya watoto wote, na ugomvi huu utatupeleka mahakamani. Nikarudi na karatasi na kalamu. Nilimbembeleza vizuri kabisa. Baba akacheka.

"Nikiandika leo, kesho nani ataniletea tena chumvi? Huyu wa Lusangi atakuja na blanketi? Mungoje tu."

"Na miye, baba? Si nilikuogesha asubuhi hii?"

Akaniangalia. "Hata weye, mama. Hata weye uko unangoja."

Tangu siku hiyo namwekea chakula naondoka bila kumkaribisha. Miaka yote hii ya kumfulia, kumbe ananihesabu pamoja na wale wa blanketi! Na linaloniuma zaidi ni kwamba nilitaka kumwapia kuwa si kweli, ulimi ukakataa. Nampenda baba yangu. Lakini pa kulala na watoto wangu napataka pia, jamani, ni dhambi?

Kaka mkubwa ameshaniambia siku ya kumzika mzee nifunge mizigo. Nikihama sasa, baba atalala kwenye uchafu wake. Nikibaki, namtunza mtu anayeniona kama fisi anayezunguka nyumba.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Maji yake ya kuoga yako motoni sasa hivi, na ananiita.