Utepe wa Tarehe Kumi na Nne

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaani walimwita Bi Sindano kwa ukali wa ulimi wake, aliingia duka la vyombo vya umeme akiwa na shida moja tu. Alitaka mashine ya kunyonya hewa kwenye mfuko wa chakula na kuufunga, ili chakula kikae kwenye friza hata miaka.

"Unahifadhi nini, mama?" akauliza binti muuzaji.

"Maharage."

Binti akajizuia kucheka. Na angejuaje, maskini? Maharage yenyewe yalikuwa kopo moja, na aliyeyapika ni mumewe Bi Sindano, mpishi wa shule ya bweni, Jumapili ya mwisho ya maisha yake. Jumatano moyo ukamsimama. Wageni wa msiba walikula kila kitu mle nyumbani, ila lile kopo mjane alilificha chini kabisa ya friza. Hakuwa tayari kumpoteza mtu mara mbili.

Shida ilikuwa utepe. Marehemu alikuwa na wazimu wa tarehe. Kila alichogandisha alikibandika utepe mweupe, akaandika kwa kalamu nene siku ya mwisho ya kuliwa, miezi mitatu kamili. Kikiliwa kwa wakati, anaipiga tarehe mstari. Siku ikipita, kinakwenda jalalani, ulie usilie. Utepe wa maharage ulisema tarehe kumi na nne, na siku aliyoingia dukani ilikuwa tarehe kumi.

Binti akatoa mashine mbili. Ile ndogo ya mkono ilikuwa ya bei poa, lakini iliacha hewa nusu. Kubwa ilikuwa na waya wa moto wa kuunganisha plastiki, nayo ilimaliza hewa yote. "Ila gandisha kwanza, mama. Ukiweka cha majimaji, itakunywa mchuzi wako wote."

"Ithubutu," akasema Bi Sindano, akachukua kubwa.

Nyumbani akalitia mfukoni donge la maharage lililoganda kama tofali. Mashine ikanguruma, plastiki ikabana mpaka kila punje ikaonekana. Kisha akafanya jambo ambalo mumewe asingemsamehe. Utepe wa zamani aliutupa kwenye droo ya cherehani, akabandika wake, wenye tarehe ya miaka miwili mbele. "Haya, utanifanya nini?" akamwambia marehemu, kwa utani wao ule ule.

Asubuhi mfuko ulikuwa umetuna kwa hewa, na mshono wake mzima kabisa. Utepe mpya ulikuwa nje, kwenye mlango wa friza, umebandikwa bila mkunjo hata mmoja. Bi Sindano hajawahi kubandika utepe usijikunje, na mkono uliounyoosha vile aliujua.

Jamani, mwingine angehama nyumba! Yeye alirudi dukani kugomba. Binti akaijaribu mashine kwa kipande cha mkate, ikafanya kazi vizuri, akampa mifuko minene zaidi. Tarehe kumi na mbili akafunga upya. Kumi na tatu mfuko ulikuwa umetuna kuliko mara ya kwanza, na juu yake umekaa utepe wa zamani, ule wa kwenye droo. Alipousogeza mfuko sikioni akasikia pumzi, ikiingia na kutoka polepole, kama ya mtu aliyechoka kungoja.

Msidhani aliogopa mzimu. Aliogopa kubaki na friza tupu.

Tarehe kumi na nne, saa ya chakula cha mchana, aliukata mfuko kwa mkasi wake wa kazi. Hewa ikatoka fyuu, vuguvugu, ikinuka vitunguu na sabuni ya mumewe. Akayapasha maharage. Chumvi ilizidi kidogo, kama siku zote. Akala huku analia, akasugua sufuria kwa mkate mpaka ikang'aa.

Kesho yake akairudisha mashine.

"Imeharibika tena, mama?"

"Nzima, mwanangu. Sina tena cha kufunga."

Binti akainua kifuniko aikague. Juu ya waya wa moto palikuwa na utepe mweupe, umenyooka vizuri.

"Tarehe kumi na nne," akasoma. "Mbona umeipiga mstari?"

Bi Sindano akautazama ule mstari mnene, wino wake bado mbichi.

"Si mimi niliyeupiga," akasema.