Akoru, mbeba damu ya wazee, na swali la ngamia

Ukitaka kujua Akoru anafanya kazi gani, usimuulize Apua. Apua anauza makaa nyumba ya pili kutoka kwake, hapa Kalobeyei, na anasema ameyaona kwa macho yake mwenyewe. Anasema Akoru huwatoa wazee damu na kuipeleka Lodwar kwenye sanduku la barafu, na huko inachanganywa na maziwa na kunywewa na wakubwa ili wasizeeke. Ushahidi anao. Kuna ofisa mmoja alikwenda Lodwar Jumatatu na mvi kichwa kizima, akarudi Ijumaa nywele nyeusi tititi.

"Ile ni rangi," anasema Akoru, akifunga kamba za viatu. "Hata shingoni ilimmwagikia. Lakini Apua akishaona, ameona."

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne. Akoru, mama wa watoto wanne mwenye umri wa miaka 38, anapanga vipande vya barafu sandukuni kimoja kimoja, kama mtu anayepanga mayai. Alianza kazi akiwa mfagiaji wa maabara. Akatazama, akauliza, akafunzwa, na leo ana cheti cha kutoa damu. Hulipwa shilingi 800 kwa siku ya damu, na siku za damu ni sita kwa mwezi.

Wazee anaowatoa damu ni ishirini. Kumi na wanane kati yao, kwa mujibu wa vitambulisho, walizaliwa Januari mosi.

Kinachotafutwa katika damu hiyo hakionekani kwa jicho. Ndani ya seli za mwili kuna mitokondria, vitu vidogo sana vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Wataalamu wamegundua kwamba mitokondria hutengeneza pia peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, na baadhi yake, katika majaribio ya maabara, huonekana kuzikinga seli za ubongo. Umri ukisonga, baadhi ya peptidi hizo hupungua. Utafiti ambao Akoru anaukusanyia damu unauliza kama zinahusika na wale wazee ambao miaka themanini imewakuta akili ikiwa bado kali.

Akoru ana namna yake ya kueleza. "Nawaambia, ndani ya mwili kuna majiko mengi madogo. Jiko linapika nguvu. Lakini mpishi pia anatuma wajumbe, anawaambia nendeni mlinde kichwa. Sisi tunawahesabu hao wajumbe."

Mwezi uliopita chupa kumi zilikataliwa Lodwar. Wazee walikuwa wameambiwa waje bila kula, na kweli hawakula. Walikunywa chai. Chai ya maziwa, yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Huku kwetu chakula ni kile kinachotafunwa. Chai ni salamu tu.

"Niliwauliza kama wamekula, wakasema hapana, na hawakunidanganya," anasema Akoru. "Kosa ni langu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekunywa vikombe viwili, na nilijihesabu sijala."

Ndiyo maana leo lazima damu ya wale kumi itolewe tena. Ikikosekana, kituo cha Kalobeyei kitaondolewa kwenye utafiti, na kazi ya Akoru itaondoka nacho. Wa kwanza ni mzee Ejore. Wale tisa wengine wamekwishasema watafanya atakachofanya Ejore.

Anamkuta ameketi juu ya kigoda chake, mkono ameuficha ndani ya shuka. Hajanywa chai, na kwa hiyo hana furaha.

"Ejok, apa," anamsalimu, kama binti anavyomsalimu baba.

"Ejok. Leo hakuna damu."

Akoru anakaa chini. Habishani. Anajua mzee akinyamaziwa atasema mwenyewe, na Ejore anasema. Yeye ametoa ng'ombe damu tangu utotoni. Unafunga shingo, unapiga mshale mara moja, unakinga, unafungua kamba, unamwacha mnyama akale. Na kama ng'ombe si wako, mwenyewe anapewa kibuyu cha kwanza.

"Mimi umenitoa mara mbili," anasema. "Bado sijaonja."

Akoru anauliza, kwa woga kidogo, kama anataka kuinywa. Ejore anamtazama kama mwanambuzi aliyepotea.

Anachotaka ni jibu. Kuna mtu wa Namoruputh anataka kubadilishana naye: mbuzi wa Ejore kwa ngamia jike mchanga. Ngamia huyo atakaa miaka mitano hivi ndipo atoe maziwa, na ngamia anataka mwenye kumbukumbu. Ukimsahau leo, kesho yuko Uganda. Wanawe wanasema asithubutu, kwa sababu ameanza kusahau.

"Nasahau majina ya wake zao tu," anasema Ejore, "na hayo ni kwa kupenda. Sasa uniambie. Hao wajumbe wako wengi, nichukue ngamia? Ama wameisha, nibaki na mbuzi zangu?"

Akoru anampigia Daktari Mugure, msimamizi wa utafiti huko Lodwar, na kufungua sauti ili mzee asikie. Daktari anaeleza kwa upole kwamba majibu ya mtu mmoja mmoja hayatolewi. Bado hakuna anayejua kiasi gani ni kizuri, na hakuna damu inayotaja miaka iliyobaki.

Ejore anaiinamia simu. "Daktari, umeingia jikoni kwangu, umeonja sufuria yangu, na unaondoka bila kusema kama iko na chumvi?"

Simu inacheka. Kisha daktari anasema mzee aandike ombi, naye atalifikisha kwa kamati.

Akoru anaandika nyuma ya fomu, Ejore anatia dole gumba, halafu anatoa mkono wa kushoto. Wa kulia, anasema, unabaki na mwenyewe mpaka jibu lije. Sindano inapoingia anasimamia kila kitu: polepole, fungua kamba kwanza, ng'ombe angekuwa ameshakupiga teke.

Wale tisa wanafuata mmoja mmoja, na kila mmoja anatoa mkono wa kushoto.

Malith, mwenye pikipiki, ndiye anayelifikisha sanduku Kakuma, linakochukuliwa na gari la Lodwar. Anauliza kama barua nayo inahitaji barafu. Akoru anafikiri kidogo, kisha anaifunga kwenye karatasi ya nailoni na kuiweka juu ya chupa.

Chupa zote kumi zimekubaliwa. Kazi ipo. Akoru sasa ana mpango wa kusomea maabara Lodwar, "ili siku moja niwe mimi wa kusoma hiyo chumvi."

Jumanne hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Mtu wa Namoruputh amemleta ngamia na kumwacha kwa Ejore amtazame mpaka mwisho wa mwezi, ndipo aamue. Kila asubuhi mzee hupita kwa Akoru, naye ngamia nyuma yake, bila kamba. Apua anasema ngamia wa kawaida hafuati mtu hivyo.

Alhamisi Akoru alituma ujumbe: "Daktari, ejok. Mzee anauliza tena. Mwezi unaisha, na ngamia ameshamzoea."

Simu inaonyesha umesomwa.