Jini Niliyemwita kwa Kusoma

Mavi ya tembo yakichanganywa na ubani kwenye chetezo hutoa moshi mzito wa kijivu, wenye harufu ya nyasi zilizooza na kitu kitamu kinachokwama kooni. Harufu hiyo sijaisikia kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini mwezi uliopita ilinijia nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Raskazone, madirisha wazi, na mkononi nina riwaya mpya kabisa inayonukia wino. Nilifika sura ambamo mtoto mgonjwa anafukizwa. Nikakifunga kitabu, nikakiweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo hata mkono wangu unafika kwa taabu. Kisha nikaenda kukaa nje kwenye ngazi, mimi mtu mzima, mwalimu wa sekondari, nikingoja moyo utulie.

Niseme kwanza kwamba napenda riwaya za kutisha, za majini na mazimwi na miji isiyokuwemo kwenye ramani yoyote. Wenzangu kazini wananicheka, wanasema mwalimu wa hesabu alitakiwa awe na akili zaidi. Likizo hii nimesoma tatu. Ya kwanza inahusu mji wenye kisima kinachojibu kwa sauti za waliokufa. Mwandishi wake anajua kutisha, ila kufikia katikati ameshaua watu wengi mno, na wahenga walishasema kifo cha wengi ni harusi; nikawa nafunua kurasa huku nakula karanga. Ya pili inasimulia hoteli ya mlimani ambako wageni huamka na nyuso za wenzao. Hiyo nimeipenda. Nilipoimaliza nilijitazama kwenye kioo kabla ya kupiga mswaki, na kwangu mimi hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa kitabu cha aina hii. Ya tatu ndiyo niliyoipandisha kabatini. Ndani yake msichana anatamka maneno ya kumwita jini, mdogo wake anaugua, na mwandishi anatuambia waziwazi kwamba ni kweli, msichana ndiye aliyeleta balaa. Huenda wasomaji wengine wakaiona bora kuliko zote. Mimi imenikasirisha na imenitia hofu, kwa sababu mambo hayo yalinikuta nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, Ngamiani, katika msimu wa masika.

Tulikaa katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uwani nyuma. Baba alikuwa dereva wa lori, na majuma hayo alikuwa safarini Mwanza. Nyumbani tulibaki mimi na Mama, mdogo wangu Hamadi wa miezi tisa, na Bibi mzaa baba, aliyekuja kutoka Moa kututazama. Mvua ilinyesha hata tukasahau rangi ya mbingu. Nguo zilianikwa ndani zikavunda, uwani palikuwa na madimbwi, na mbu walianza kulia tangu alasiri. Sisi wasichana wa mtaa tukitoka madrasa tulikusanyika chumbani kwangu kusuka ukili wa mikeka. Palikuwa na desturi kwamba mmoja wetu husamehewa kusuka ili awasomee wengine, kwani kitabu ni kimoja na mikono ya wote ina kazi. Msomaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na sauti, na ukili wangu ulikuwa hovyo kiasi kwamba hakuna aliyeuhitaji.

Masika yale tulisoma riwaya moja ya majini aliyoileta shoga yangu Zuhura. Haikuwa na jalada. Ilivalishwa karatasi ya kaki, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimenyofoka zamani. Katika sura ya nne mwandishi alitoa onyo. Msomaji asiyatamke kwa sauti maneno ya kumwita jini penye nyumba yenye mtoto mchanga. Na akishayatamka asikane, kwani mwenye kumkana jini huchukuliwa yeye badala ya mtoto. Chini ya onyo hilo maneno yenyewe yalipangwa mistari mitano. Zuhura aliacha kusuka. "Ruka hapo, Rehema," aliniambia. "Twende ukurasa unaofuata." Mimi nikajiona jasiri. Niliyasoma yote matano kwa ile sauti niliyoizoea madrasa, ya kuvuta na kupandisha, na wenzangu wakajifunika nyuso kwa kanga huku wakicheka cheko la woga. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilikuwa naujua msemo huo vizuri kabisa.

Kesho yake asubuhi Hamadi aliamka na joto. Kufikia adhuhuri alikuwa hataki ziwa, na mara macho yake yakageuka yakabaki meupe, mikono ikakakamaa, mwili mzima ukatetemeka mapajani mwa Mama. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilisimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi. Bibi alisema neno moja tu, degedege, akaenda kutafuta chetezo. Mtetemeko ulipokwisha Mama alimfunga mtoto kwa kanga, akavaa baibui lake. Bibi akasimama mlangoni. "Mtoto wa degedege hapigwi sindano, mwanangu," alimwambia Mama. "Ukimtoa hapa wakampiga sindano, utarudi na maiti." Wala hakusema kwa ubaya. Bibi alikuwa amezika watoto wawili, na mmoja alifia mikononi mwake njiani, wakitoka kuchomwa sindano. Kwa hiyo alichokuwa analinda mlangoni pale ni kitu alichokiona kwa macho yake. Mama alimjibu kwa heshima, "Mama, naomba unipishe." Nakumbuka alikwisha kuvaa kandambili moja.

Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Nilidhani naokoa. Tulifundishwa kwamba mficha uchi hazai, na kwamba ugonjwa haupati dawa mpaka utajwe. Nikasema, "Mama, ni mimi. Jana nimesoma maneno ya kumwita jini, kwa sauti, humu ndani." Mama akakaa chini pale pale ukumbini, mtoto mgongoni, kandambili moja mguuni. Bibi hakunigombeza. Alikichukua kitabu, akakitia jikoni kwenye makaa, na akamtuma mtu kwenda kumwita mganga aliyemjua, upande wa pili wa soko. Sasa ugonjwa ulikuwa na jina, na chanzo, na shahidi. Shahidi mwenyewe alikuwa mimi.

Mganga alikuja na mfuko wake, akamfukiza Hamadi chini ya shuka hadi tukakohoa nyumba nzima. Alimfunga hirizi mkononi, akaondoka akisema jini ameshamtoka mtoto. Joto halikuondoka. Mchana wote ule na usiku wake Mama alimbeba akizunguka ukumbini, na mimi nilijikunja kwenye mkeka nikisikiliza pumzi za mdogo wangu. Zilikuwa fupifupi, kama za mtu anayepanda ngazi. Niliogopa mlango, niliogopa paa, niliogopa kivuli cha nguo zilizoanikwa. Zaidi niliogopa kwamba pumzi inayofuata haitakuja.

Asubuhi mwili wa Hamadi ukakakamaa tena, na safari hii ulikawia kulegea. Bibi alitaka mganga arudi. Mama alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, macho mekundu, akanigeukia mimi wala si Bibi. Alisema taratibu, "Ungekuwa hukusoma yale maneno, sasa hivi ningekuwa hospitali." Nikaelewa kwamba mlango umefungwa na ufunguo ninao mimi. Lakini kitabu kilikwisha kusema: mwenye kukana huchukuliwa. Niliamini hivyo kama nilivyoamini kwamba maji yanalowesha. Nikasema, "Sikusoma, Mama. Niliruka ukurasa. Jana nilidanganya, nilitaka Bibi anione mkubwa." Bibi alinizaba kofi la uongo, na hadi leo sijui alinipigia uongo upi. Mama hakungoja. Alimpita Bibi mlangoni, akamwita jirani yetu Baba Neema, Mshambaa mmoja Mlutheri aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini, akapanda nyuma ya baiskeli yake na mtoto kifuani, wakaingia mvuani.

Sikwenda nao. Nilikaa kwenye kizingiti cha chumba changu nikingoja kuchukuliwa. Nani angenichukua, na kunipeleka wapi, kitabu hakikusema, na kurasa za mwisho hazikuwepo za kuniambia. Nilikataa chai, nikakataa wali. Kila mlango ulipolia nilishika fremu kwa mikono miwili. Zuhura alikuja kunitazama dirishani, nikamwambia aende zake, asije akachukuliwa pamoja nami. Siku tatu nilikaa hivyo. Bibi aliswali muda mrefu kuliko kawaida, na mara moja nilimsikia akilitaja jina langu katika dua zake. Jambo hilo lilinitisha zaidi, nikajua hata yeye anaona zamu ni yangu.

Siku ya nne Mama alirudi na Hamadi akiwa hai. Daktari alimwambia malaria ilikuwa imempanda kichwani, wakamwekea dripu, na kwamba angechelewa hadi jioni wasingekuwa na la kufanya. Bibi alimpokea mjukuu wake akalia, akaivua ile hirizi mwenyewe. Miezi baadaye tuligundua kwamba Hamadi hageuki ukimwita kutoka kushoto. Sikio la upande huo lilikuwa limekufa. Watu wazima walisema ni homa. Mimi nilijua ni malipo: jini alinikosa, akachukua alichoweza. Niliishi na hesabu hiyo mpaka nilipokuwa mkubwa na kusoma kuhusu malaria ya ubongo, nikapata hesabu nyingine mbaya zaidi, ya siku moja iliyopotea kati ya kandambili ile na baiskeli ya Baba Neema.

Baada ya kuipandisha riwaya ile kabatini, nilikwenda Ngamiani kwa Mama, nikamkuta anachambua mchele. Nilimwambia kweli, kwamba niliyasoma yale maneno yote matano na kwamba nilikana kwa uongo. Hakuacha kuchambua. "Najua ulisoma," alisema. "Nilikuwa ukumbini na Hamadi mapajani, nikasogea karibu na mlango wenu nisikie vizuri. Kila siku nilikuwa nasikiliza. Kitabu kilikuwa kitamu." Nikamuuliza, kama alijua naongopa, alithubutuje kwenda hospitali? Alitoa punje ya jiwe, akaitupa. "Onyo nalo nililisikia, Rehema. Nikakuona unatetemeka, unasema sikusoma. Nikajisemea, ikiwa mtoto huyu amekubali achukuliwe yeye, mimi namwogopa nini mama mkwe?" Kisha akauliza kama Hamadi anayajua haya. Nikajibu hajui. "Mwambie," akasema. "Ila kaa upande wake wa kulia, asikulazimishe kurudia."

Siku hizi mtoto akipata joto Ngamiani anapelekwa kupimwa kabla chai haijapoa, na hata mabibi wa Moa wanauliza kwanza kama amelala kwenye chandarua. Wanangu majini wanawaona kwenye simu, wanacheka. Nafurahi kwamba wanacheka. Riwaya ya tatu nimeishusha nikaimaliza, na maoni yangu ni kwamba mwandishi wake ana kipaji ila hajawahi kuketi kwenye kizingiti kile. Angeketi asingempa jini kesi iliyo rahisi hivyo. Utotoni niliogopa maneno yanayomwita jini. Leo ninayoyaogopa hayana jini ndani yake: Hamadi, ulicheleweshwa siku nzima, na aliyekuchelewesha ni mimi. Nimejaribu kuyasema mara mbili, peke yangu jikoni, mlango nimeufunga, na mara zote mbili sauti haikutoka.