Viatu vya Baba Nje ya Chumba cha Kompyuta

Nilikuwa bado kwenye ngazi niliposikia kibodi ikipigwa. Haikuwa inaguswa, ilikuwa inapigwa. Ta-ta-ta-ta, kwa uzito, sawasawa, kama mvua inayoanza kwenye mabati, kisha kimya kifupi, halafu tena ta-ta-ta-ta. Nilisimama, mkono ukutani. Kile kimya kifupi nilikijua. Utotoni nililala nacho, nyuma ya pazia lililogawanya sebule yetu, baba akiwa mezani na taipureta aliyoazima ofisini, akimalizia barua za watu. Kilikuwa kimya cha mkono wa kushoto ukiinuka kusukuma kile kichuma cha pembeni kinachorudisha karatasi mwanzo wa mstari.

Kwenye kompyuta hakuna cha kusukuma.

Nikajiambia wapiga taipu ni wengi Nakuru. Nikapanda ngazi zilizobaki na kufika mlangoni, penye viatu. Chuo chetu kilikuwa juu ya duka la Mhindi la misumari na mabati, na meneja aliamini kwamba vumbi ndilo adui wa kwanza wa kompyuta. Mwaka ule wa 2007, kabla mji haujachafuka kwa vurugu za uchaguzi, kiangazi kilituletea vumbi jeupe kutoka upande wa ziwa, likaingia hadi kwenye chai. Kwa hiyo hakuna aliyekanyaga ndani na viatu, awe mwanafunzi, mwalimu au mkaguzi. Viatu vilipangwa kando ya ukuta kama vile nje ya nyumba yenye wageni. Na kati ya viatu vya jioni ile kulikuwa na vile vya kahawia, vimeng'arishwa, soli zimebadilishwa na fundi akaweka mpira wa tairi. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeviona chini ya meza yetu ya chakula.

Mimi nilifundisha darasa la asubuhi. Jioni ile nilitumwa kushika nafasi ya mwalimu wa watu wazima, aliyepata kazi Nairobi ghafla. Baba hakulijua hilo. Alikuwa amechagua jioni kwa sababu mimi nilikuwa wa asubuhi.

Alikaa kwenye mashine ya mwisho, karibu na dirisha, koti la suti mwilini kama aliyeitwa mahakamani. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka na kidole gumba kimechungulia. Alikuwa amekificha chini ya mguu wa pili. Miguu ya baba mimi niliiona nyumbani tu, akinawa jioni kwenye jiwe la nyuma, nasi tulifundishwa kutomkazia macho. Sasa ilikuwa pale, mbele ya watu, chini ya taa ya stima. Sikujua niyapeleke wapi macho yangu.

Aliponiona, vidole vikasimama. Kisha akainuka, kama wanafunzi wanavyoinukia mwalimu.

"Habari ya jioni, mwalimu," akasema.

Wengine nao wakainuka. Nikaitika. Naye akakaa.

Tulipotoka sikutembea naye. Alinisubiri kwenye kibanda cha sukuma wiki karibu na kwetu, mikono nyuma.

"Umeona," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mama yako anajua niko kamati ya kanisa." Akatazama mboga kana kwamba anataka kununua. "Kule kazini, ushirika umeleta kompyuta. Wapiga taipu tuko wawili na kiti kimebaki kimoja. Mwenzangu ni msichana, ametoka chuo juzi, yeye hahitaji kufundishwa. Mimi nisipopita mtihani wenu, natolewa ofisini. Getini. Kuandika magari ya maziwa yanayoingia na kutoka."

"Nitakufundisha nyumbani."

"Kwa mashine gani?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Pale ndani usiniite baba. Wakijua watanihurumia. Afadhali wacheke."

Na kweli walicheka. Jirani yake darasani alikuwa mama mwenye hoteli karibu na stendi, mnene, mchangamfu, aliyekuja kujifunza ili aache kulipia watu kumwandikia orodha ya vyakula. Baba alipofika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto uliruka wenyewe kutafuta kile kichuma, ukapiga hewa, na mara nyingine ukamgusa yule mama begani.

"Wewe mzee! Unafukuza nzi ama unanichumbia?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Samahani, mama. Ni mazoea."

"Na polepole, hiyo mashine ya wenyewe. Ukiivunja utalipa ng'ombe."

"Ng'ombe wangu wako kijijini Keringet," baba akasema, "na huko hakuna stima."

Wakacheka tena, na safari hii walicheka naye. Nikaona aliupenda mzaha huo. Mimi nilikuwa nimegeukia ubao, nafuta maandishi niliyokwisha kuyafuta.

Niliona aibu kwa kila kitu. Niliona aibu kumwita "mzee", neno ambalo kondakta yeyote angemrushia. Niliona aibu kusimama nyuma yake, kichwa chake chini yangu, utosi wake uliopungua nywele ambao sikuwahi kuuona kwa juu. Ilipobidi nimwekee mkono kwenye kipanya, nikaushika kwa vidole vyangu. Ulikuwa umelowa jasho. Mara ya mwisho kuushika mkono ule, nadhani, ni yeye aliyekuwa akinivusha barabara.

"Bonyeza mara mbili, mzee. Haraka haraka."

"Nimebonyeza."

"Hiyo ni mara moja, kisha ukapumzika."

Tatizo lake hasa halikuwa kipanya. Kila mwisho wa mstari, mkono wa kushoto ukishapiga hewa, kidole kidogo cha kulia kilibonyeza Enter, kitufe cha kuanza mstari mpya, kama mpiga taipu wa kweli anayeushusha mstari mwenyewe. Kwa macho, barua yake ilikuwa safi kuliko zote. Lakini ukiongeza neno moja katikati, kila kitu kilivunjika.

"Iache," nilimwambia. "Yenyewe inajua mstari umefika mwisho. Inashuka."

Akaitazama skrini. "Na mimi nitakuwa nikifanya nini?"

Mikono yake ilikuwa imefanya kazi ile kabla mimi sijazaliwa. Kengele ndogo ya taipureta ilikuwa ikilia kichwani mwake hata pale ambapo hapakuwa na kengele. Nilimwambia ajaribu tena, akajaribu, na kidole kidogo cha kulia kikateleza tena kwenye Enter, bila yeye kujua.

Siku iliyofuata alikuja bila soksi kabisa. Nadhani aliona miguu mitupu ni heshima kuliko soksi iliyotoboka. Mimi nilivaa sandali, kwa hiyo darasani sote wawili tulikuwa pekupeku. Kwetu watu wa upande wa baba tuna kidole kidogo cha mguu kilichompanda mwenzake, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Sikuwa nimefikiria jambo hilo hata kidogo.

Mama wa hoteli aliangusha kalamu. Akainama kuiokota, huku akilalamika kuhusu kiuno chake, na manung'uniko yakakatika katikati. Nilikuwa nimesimama kando ya baba, mguu wangu karibu na wake. Alikawia kule chini. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akaanza kupiga neno moja kwa kidole kimoja, taratibu sana: chapati, chapati, chapati.

Tangu hapo hakumtania tena. Jioni ya pili yake alileta mandazi kwenye gazeti, akampa baba kwanza, kwa mikono miwili. "Karibu, mzee wangu." Mkono wa baba ulipomgonga bega, yeye ndiye aliyeomba msamaha. Na darasa, kwa kuwa lilikuwa likicheka kwa kumfuata yeye, likanyamaza pia. Ukimya ule ndio ulionichoma. Baba akaelewa kwamba anahurumiwa. Aliyasukuma mandazi pembeni, akayaacha hapo hadi tukafunga.

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Meneja, kijana mwenye tai na adabu nzuri, aligawa barua ya kupiga: taarifa ya mkutano wa wakulima. Ukimaliza, unaongeza sentensi moja kwenye aya ya kwanza, unaipanga barua iwe sawa, unaacha mikono mapajani. Kazi yangu ilikuwa kupita nyuma ya viti na kuangalia.

Baba alimaliza kabla ya wote. Ta-ta-ta-ta, kile kimya, ta-ta-ta-ta. Barua yake ilikaa kwenye skrini kama shamba lililopigwa mistari kwa kamba. Hakukuwa na kosa hata moja. Nilisimama nyuma yake, nikajua kilichofichwa mwishoni mwa kila mstari.

Kisha akaongeza ile sentensi.

Barua ikavunjika. Mstari mrefu, neno moja peke yake, mstari mrefu, maneno mawili. Ikawa kama meno ya mtu aliyepigwa. Akaanza kuunganisha, mstari kwa mstari, shingo imesogea mbele, na kila alipounganisha mmoja kidole chake kidogo kikaukata tena. Nilimwona akikitazama kile kidole. Alikitazama kama unavyomtazama mtoto wako akikuaibisha mbele ya wageni. Kisha nami nikakumbuka mimi ni mwanawe, nikaangalia dirishani.

Muda ukaisha. Akaweka mikono mapajani.

Meneja akatokea kwenye mlango wa ofisi yake ya ndani, simu ya mkononi imebanwa kifuani. "Madam, ni watu wa ushirika. Wanataka jibu sasa hivi. Mzee wao amepita?"

Hakuna aliyegusa kibodi.

"Si umpitishe tu, msichana wangu," mama wa hoteli akasema kwa sauti ya chini. "Nani ataona?"

Niliona sakafu. Niliona miguu yetu. Nilikuwa na neno lile la kumpitisha mdomoni, fupi, jepesi kabisa, na meneja angeliamini. Lakini Jumatatu wangemkalisha kwenye kiti kile, mbele ya yule msichana, na barua ya kwanza ingevunjika vilevile, bila mtu wa kumwepushia macho.

"Mwalimu," baba akasema. Hakugeuka. "Meneja amekuuliza."

"Hajapita," nikasema.

Sauti ilitoka safi, wazi, ile aliyonifundisha baba mwenyewe nikisoma gazeti kwa nguvu kando ya meza yake. Meneja akarudi ndani na simu yake. Mama wa hoteli akafunika uso kwa leso.

Baba akazima mashine kwa hatua zote nilizomfundisha, bila kuruka hata moja. Akachukua kitambaa chake, akaifunika, akanyoosha pembe zote nne, kama alivyokuwa akiifunika ile taipureta ya kuazima.

"Asante, mwalimu."

Mlango ukiwa wazi, alisimama kwa mguu mmoja kuvaa kiatu. Akayumba. Nilikwisha kupiga hatua, mkono mbele, na neno "baba" limefika kwenye meno. Akashika fremu ya mlango.

"Endelea na darasa," akasema.

Akafunga kamba za kiatu cha kwanza, kisha za cha pili, bila haraka. Kisha akaushika mlango kwa kitasa, akakizungusha na kukishikilia hivyo, kama alivyofanya zamani akimaliza kazi nasi tumelala, akauvuta hadi ukafunga bila sauti.