Roho Iliyopimwa kwa Simu

Mkono wangu wa kuume ulipoanza kutetemeka kanisani kwetu Shituru, mke wangu alishangilia: «Roho amemushukia!» Mimi msomi, niliyezoea kuicheka imani ya wengine, nikaona fahari kimya kimya.

Binti yetu, ambaye ni muuguzi, hakushangilia. Nyumbani aliniwekea kiganjani simu yenye programu ya kupima mtetemo.

«Tulia tu, papa. Usiombe.»

Nilitulia nikitazama mechi kwenye televisheni, lakini mstari kwenye kioo cha simu ukarukaruka.

«Sasa ule Roho iko anakuja hata wakati unaangalia mupira?»

Tulicheka, kisha akanipeleka Lubumbashi kwa daktari, aliyethibitisha ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson, ukiwa bado mwanzoni. Kwa msaada wa vidonge, vifungo vya shati navifunga mwenyewe, nikishukuru. Mke wangu anasema navikosea, kama nilivyovikosea nikiwa mzima.