Taa ya Kuume

Mutale hakuwa amelewa. Hilo lisemwe kwanza, kwa kuwa ndilo linalorudiwa zaidi, na wengi wanaolirudia hawakuwahi kukaa naye meza moja. Wanasema alikunywa bia Kitwe, Zambia, akaongeza mpakani Kasumbalesa akingoja foleni, ndiyo maana aliacha magunia ya unga yakaloa mvua kando ya barabara. Wengine, wenye midomo mirefu zaidi, wanasema alikuwa na chuki na Waislamu waliohamia mjini kutoka Maniema. Mutale alikuwa mtoto wa katekista. Chupa hakuigusa tangu kipaimara chake, na suti yake ya harusi alishonewa na Nasoro, Mmaniema, ambaye alibaki rafiki yake siku zote.

Unga uliloa, hiyo ni kweli. Lakini waliouona umeloa hawakuuliza turubai lilikuwa limekwenda wapi.

Mwaka ule, 1976, Mutale alikuwa ametimiza miaka kumi na minne kwenye usukani wa malori, akiendesha kwa tajiri mmoja wa mjini aliyeleta unga kutoka Zambia. Katika miaka yote hiyo hakuwa amegonga hata mbuzi. Madereva wenzake walimpenda kwa jambo moja: hakuwasahau waliokuwa nyuma yake. Lori refu humziba macho anayelifuata, na barabara ya Kasumbalesa wakati ule ilijaa magari, tena nyembamba, yenye vilima vya kudanganya. Kwa hiyo dereva muungwana humwazima macho yake aliye nyuma. Upande wa Zaire, ambako magari hushika kuume, ukiwasha taa ya kuume inayopepesa unamwambia: nimejibana pembeni, mbele ni peupe, pita. Ukiwasha ya kushoto unamwambia: kaa hapo hapo, kuna kitu kinakuja. Haya hayakuandikwa katika kitabu chochote, lakini kila dereva aliyajua na wengi walikuwa hai kwa sababu yake.

Zambia magari hushika kushoto. Kule taa hizo hizo husema kinyume.

Mutale alijua hatari hiyo kuliko wengi, na alikuwa na dawa yake. Kila alipovuka mpaka alisimamisha lori upande wa nyumbani, akashuka, akalizunguka mara moja polepole akigusa kila taa kwa kiganja, kisha akapanda. Wenzake walimcheka wakimwita padri anayebariki gari. Alicheka nao, na safari iliyofuata alizunguka tena.

Siku ile ya Januari hakuzunguka. Alikuwa amekaa siku mbili kwenye foleni ya forodha, na kizuizi kilipoinuliwa wa nyuma walipiga honi na mtu wa forodha akampungia aondoke upesi asizibe njia. Akaondoka.

Baada ya nusu saa hivi, kamioneti ya Peugeot, gari dogo la mizigo, ilimkuta na kumganda nyuma. Ilikuwa karibu mno, kiasi kwamba kwenye kioo aliona paa lake tu na kipande cha kioo cha mbele. Ilikuwa ya Djuma, mfanyabiashara Mmaniema wa mtaa wa mjini uitwao Kenya, na pembeni yake alikaa mzee, baba wa mke wake. Djuma alifanya vibaya kumganda vile, wala hakuna anayemtakasa kwa hilo. Lakini hakuchomoka. Aliwasha na kuzima taa kubwa mara mbili, kama mtu anayebisha hodi, akangoja jibu.

Mutale alikuwa anakaribia mgongo wa kilima. Kutoka kwenye kiti chake cha juu aliona paji la lori la mbao likipanda upande wa pili. Alitaka kumwambia Djuma angoje. Mkono wake ukaenda kwenye kijiti cha taa upesi, bila wasiwasi, kama ulivyokwenda mara mia Zambia, na ukawasha taa ya kuume.

Kamioneti ikanguruma. Ilipofika sambamba na mlango wake, yule mzee, aliyekaa upande wa lori, alitoa mkono dirishani akampungia kumshukuru.

Turubai la unga lilifunguliwa na Mutale mwenyewe. Aliwafunika Djuma na mzee, akakaa chini karibu nao mvua ikimnyeshea, mpaka watu wa serikali walipofika. Dereva wa lori la mbao alikuwa mzima, na alilosema ni kwamba kamioneti ilitokea mbele yake ghafla. Magari mengine yaliwapita pembeni taratibu, watu wakichungulia.

Jandarmu, askari aliyefika pale, alitaka maelezo ya maandishi, yaletwe kesho yake. Mutale alisoma kwa shida, na kuandika zaidi ya jina lake hakuweza. Mke wake, Marceline, alikuwa mwalimu aliyesomeshwa na masista, na mwandiko wake ulikuwa ukitolewa mfano. Serikali ilikuwa imewakataza watu majina ya Kikristo, lakini nyumbani Mutale hakuwahi kumwita kwa lingine. Asubuhi ile walikaa uani, karatasi juu ya goti la Marceline, naye Mutale akasimulia yote tangu Kasumbalesa. Alipofika kwenye taa, kalamu ilisimama.

"Niliwasha ya kuume, Marceline," akasema. "Mukono yangu ilikuwa ingali mu Zambia."

Marceline akamjibu kwa sauti ya chini kwamba Djuma alimganda kama kupe, kwamba usukani wa Peugeot haukuwa mikononi mwake, kwamba Kapya, mtoto wao wa kwanza, alikuwa anangoja nafasi ya shule, na jina la baba yake katekista lilikuwa bado linatajwa kanisani. Mutale alisikiliza yote. Kisha akauliza kama yule mke wa Djuma hangepaswa kujua.

"Baba Kapya, ile sentensi ya taa haitaingia mu hii karatasi."

Haikuingia. Maelezo yaliandikwa kwa Kifaransa safi, ukurasa mmoja na nusu, na ndani yake hamkuwa na neno la uongo. Palikosekana sentensi moja. Jandarmu alisifu mwandiko, akaandika kwamba kamioneti ilipita bila uangalifu, akafunga faili.

Lakini sentensi ile ilikuwa na watu wake. Mke wa Djuma, Feza, alikuwa amefiwa na mume na baba siku moja, na kaka zake walisema mumewe ndiye aliyemuua mzee wao kwa haraka zake. Walikataa Djuma azikwe karibu naye. Walipokutana na Feza sokoni Kenya walimpita bila salamu, na watoto wake wanne hawakuruhusiwa tena kuingia kwa wajomba. Nasoro fundi ndiye aliyemletea Mutale habari hizo, akidhani anamliwaza kwa kumwonyesha kwamba hakuna anayemlaumu yeye.

Mutale hakulala vizuri tena. Aliomba ruhusa ya mkewe amwambie Feza ukweli, mara ya pili, na ya tatu, kama mtoto anayeomba kutoka darasani, na kila mara aliambiwa si sasa: Kapya amalize kwanza, maneno yapoe kwanza. Aliwahi kwenda Kenya kwa miguu, akafika mpaka kona ya nyumba ya Feza, akarudi. Barabarani hakuwasha tena taa kwa mtu yeyote. Aliendesha polepole akishika usukani kwa mikono miwili, msururu wa magari ukimfuata, na waliofanikiwa kumpita walimtukana dirishani.

"Muzee, taa yako uliuza?" mmoja alimpigia kelele karibu na hoteli ya Karavia, na wote waliokuwa kwenye gari lake wakacheka.

Mutale alilisimulia hilo nyumbani bila kucheka. Mwaka uliofuata tajiri alimwondoa kwa uzembe, na hapo ndipo habari ya bia ilipopata miguu. Alikaa uani miaka miwili, kifua kikimsumbua, akafa mwezi wa Juni, 1979.

Siku ya tatu ya kilio, asubuhi, Feza alikuja. Alikuwa amekonda, kajifunga kitenge vizuri. Alikaa kwenye mkeka karibu na mjane, akamshika mkono.

"Pole, Mama Kapya. Bwana yako ndiye alifunika baba yangu na Djuma. Bantu bengine balipita tu."

Marceline akaitikia. Feza akasogea karibu.

"Niko na kitu moja ya kuuliza. Baba Kapya alikuwa mbele yabo, aliona. Djuma alipita bila kungoja?"

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo walimu wenzake Marceline, masista wawili, ndugu za Mutale kutoka kijijini, na Kapya mlangoni na sare yake ya shule. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni mwa mjane. Ilikuwa hapo tangu miaka mitatu, fupi, ya Kifaransa na ya Kiswahili.

"Hakuniambia kitu, mama," akasema.

Feza akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Hakuondoka mara moja. Alibaki mpaka saa sita, akasaidia kuosha masahani, akaagana na kila mtu. Kabla ya Krismasi alirudi Kindu, Maniema, kwa watu wa baba yake, akiwa na watoto wote wanne.

Kama Feza aliandikiwa barua yenye sentensi ile, na kama barua ilijibiwa, hiyo ni siri ya Marceline peke yake. Watu wasije kumbishia hodi kwa ajili hiyo. Hatasema.