Barasa Alitoa Damu, Wakamtengea Sahani

Bado haijaniingia. Leo asubuhi nimebisha mlango wa Barasa twende kazi, halafu nikakumbuka yuko mochari.

Kwa wale hamkumjua: Barasa alikuwa mpakiaji wa unga, hapa Eneo la Viwanda Thika. Jirani yangu wa ploti Ruiru. Sisi wote kwetu ni Bungoma.

Bibi ya Njoroge, mwenzetu wa shifti, alipojifungua vibaya, damu ilitakikana. Barasa akawa wa kwanza kwa laini. "Mwili ni mkubwa, wacha wachote," akacheka.

Baadaye watu wa benki ya damu wakampigia simu. Ana virusi vya hepatitis B. Haumwi popote, na anaweza kuishi miaka mingi hivyo hivyo, bora ini lipimwe.

Akatueleza vile daktari alisema: haviambukizwi kwa sahani, kikombe wala salamu. Njoroge akamjibu, "Daktari si yeye hula na wewe, boss."

Saa ya lunch sisi huchanga, tunakula ugali kwa sinia moja. Siku hiyo Njoroge akampakulia Barasa yake kando, kwa mfuniko wa sufuria. Watu wazima wakacheka! Mimi nilihamia kwa huo mfuniko nikala naye, lakini yeye alikuwa anaangalia wale wengine.

Akaanza kunawa mikono na blichi mpaka ngozi ikapasuka. Nikamwambia, "Wee, si daktari alikwambia?"

"Aliniambia. Lakini yeye ni mmoja, hawa ni wengi."

Bibi yake akaja kumtembelea na mtoto wao, Nekesa. Mtoto akamkimbilia, mikono juu. Barasa akarudi nyuma mpaka ukutani. "Ngoja kwanza, mama. Baba ni mchafu."

Jumapili alijiua. Mwanaume aliyekuwa anabeba magunia mawili kwa mpigo.

Jana kwa mkutano wa mazishi, Njoroge alisimama akilia: "Huyu alikuwa ndugu yangu kabisa." Watu wakaitikia amina. Aki nilitoka nje nikatema mate. Mnanichefua, na najua mnasoma hapa.

Kama una hali kama yake na umechoka, niandikie. Nitakuja tukae.

Barasa, kesho tunakupeleka nyumbani. Nekesa nitamwambia baba yake hakuwa mchafu, na alitamani sana kumbeba. Nitamwambia kila akiuliza, hata akiwa mkubwa.

Lala sasa, ndugu yangu. Lala salama, hakuna wa kukukimbia tena.